Oili nyepesi ndiyo inayoua beringi za WRX na Altezza zetu. Nani anabisha?

#1 BoxaWaFuoni

Assalaam alaykum. Nina Impreza WRX ya 1998, GC8, injini EJ20 ya turbo. Ilianza kugonga kidogo ikishapata moto, nikaizima palepale ikavutwa mpaka gereji. Injini imeshushwa na kufunguliwa. Beringi mbili za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ile ngozi ya kijivu imelika mpaka shaba inaonekana, na moja ukipitisha ukucha unakwama. Kranki, ile shafti kuu inayozunguka, inachongeka, alhamdulillah.

Aliyeniuzia alikuwa akitia 5W-30 miaka yote, na kopo la mwisho nimelikuta kwenye buti. Ninavyoamini mimi, kitabu cha gari kile kiliandikwa kwa watu wanaoamkia barafu. Hapa saa sita mchana lami ya Mwanakwerekwe inaunguza kandambili, wewe unatia oili ya 30 halafu unaikanyaga turbo mpaka Nungwi. Beringi itabaki na nini? Injini ikirudi inakula 20W-50, na nasema wazi: oili nyepesi ndiyo inayomaliza hizi gari za spidi, iwe WRX, Altezza au Legacy B4. Anayebisha aje na sababu, asije na "kitabu kimesema".

#2 MtotoWaWete

Waalaykum salaam. Mimi nabisha. Nina Altezza RS200, 3S-GE ya gia sita. Tangu ishuke kwenye meli hapa Mkoani inatumia 5W-40, na zile kona za Mkoani kwenda Chake unazijua. Naivuta mpaka juu ya mizunguko 7,000 kwa dakika na injini kimya. Kama oili nyepesi inaua, mbona yangu hai?

#3 Kiembesamaki7

Mwenzio kasema 30, wewe unatia 40. Umemuunga mkono sheikh.

#4 BintiJangombe

Boxa, una kipande cha kweli lakini umekishika upande usio wake. Namba ya kabla ya W inahusu oili ikiwa baridi. Barafu ya Japani inaishia hapo. Namba ya pili ni unene wake kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 inatakiwa iwe kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40 inaanzia 12.5 na haifiki 16.3, ya 50 inaanzia hapo na haifiki 21.9. Lami ya Mwanakwerekwe haimo kwenye hesabu hii. Thamostati inashikilia maji ya injini palepale, gari iwe Sapporo au Fuoni. Kinachopandisha joto la oili ni turbo na mguu wako.

Kipimo kinachogusa beringi zaidi ni kile cha nyuzi 150 oili ikiwa inasagwa kwa kasi kubwa, wanaita HTHS. 5W-30 ya kawaida inaruhusiwa kushuka mpaka 2.9. 5W-40 haitakiwi kuwa chini ya 3.5, na 20W-50 chini ya 3.7. Lakini zipo 5W-30 zenye alama ya ubora ya Ulaya, ACEA A3/B4, na hizo nazo lazima zifike 3.5. Kwa hiyo "5W-30" peke yake haituambii kitu. Lile kopo la kwenye buti limeandikwa nini nyuma?

#5 Fundi_wa_Mlandege

Kabla hamjafika kwenye oili, nionesheni beringi. Kila beringi ya konrodi ni vipande viwili, kimoja kinakaa upande wa rodi na kingine kwenye kifuniko. Moto ukiwaka juu ya pistoni unasukuma kipande cha upande wa rodi. Injini ikizunguka sana, pistoni ikifika juu bila moto, ile rodi inataka kuruka, na hapo kinachobeba mzigo ni kipande cha kwenye kifuniko. Basi kikilika cha upande wa rodi peke yake, nauliza petroli, plagi na busti, yaani presha ya turbo. Kikilika cha kwenye kifuniko, nauliza dereva aliupandisha wapi mshale wa mizunguko.

Na aina ya kulika nayo inasema. Mistari iliyozunguka beringi ni uchafu umepita. Ngozi kuburutika ikawa nyeusi au rangi ya samawati katikati ni oili kukatika. Ikilika ukingo mmoja tu, huku na upande wa pili kinyume chake, rodi imepinda. Vishimo vidogo vidogo ni asidi, oili imekaa humo kupita muda wake.

Usiwaache wazitupe. Zipange kwa silinda, piga picha pande zote.

#6 BoxaWaFuoni

Nimetoka gereji sasa hivi. Silinda moja kipande cha upande wa rodi kimekwisha na cha kifuniko kizima. Silinda nyingine vyote viwili vimelika, na kuna mistari inayozunguka, miwili mirefu na mingine myembamba. Vishimo sijaviona. Kopo limeandikwa API SN, ile alama ya Marekani, basi, hakuna ACEA.

Fundi, hapo unasomaje?

#7 Fundi_wa_Mlandege

Nasoma magonjwa mawili. Ngoja nimalize gari ya mtu nitaandika vizuri.

#8 MzeeWaChombo

Nyinyi vijana mnajisumbua yakhe. Sisi zamani dukani unaomba oili namba 40, unapewa namba 40, inakwenda kwenye Land Rover, kwenye Peugeot 404, na mashine ya kusaga mtama pia. Hakuna W wala HTHS. Na gari zilikuwa zinapanda Masingini zimejaza ndizi.

#9 Chaser100

Mzee wangu Peugeot 404 ile haikuwa na turbo, na ukifika 5,000 ilikuwa inakuomba radhi.

Wana Subaru, nunueni Toyota Chaser JZX100 mlale. Injini yake 1JZ-GTE bloku ya chuma, silinda sita kwenye mstari, kranki ina beringi kuu saba pana. Huku kwetu tunajadili rangi ya rimu, nyinyi mnajadili rangi ya beringi.

#10 BoxaWaFuoni

Nilijua utakuja Chaser 😂 Lakini umegusa jambo la kweli. EJ ni bapa, pistoni mbili huku mbili huku, na kranki imefupishwa ili injini iingie. Beringi zake ni nyembamba kuliko za mstari. Beringi nyembamba ina eneo dogo la kubebea mzigo, kwa hiyo oili inabanwa zaidi, kwa hiyo inataka nzito. Hoja yangu inazidi kusimama.

#11 Mmaskati_E92

Salaam kutoka Muscat. Mimi wa Mtendeni lakini maisha yamenileta huku. Ninayo BMW M3 ya E92, V8 ya S65, farasi 420, mshale unakwenda mpaka 8,400. Boxa, hoja yako nawaombeni muipime na hii injini.

BMW waliiandikia Castrol TWS 10W-60 tangu kiwandani. Hiyo ni oili nzito kupita hiyo 20W-50 yako, na bado S65 imepata jina baya kwa kulika beringi za konrodi, yeye na kaka yake S85, ile V10 ya M5. Na kabla yao M3 ya E46, ambayo BMW waliita za 2001 mpaka 2003 zirudi zibadilishwe beringi. Injini tatu, oili ileile nzito.

Huku wamegawanyika. Kundi moja linasema nafasi kati ya beringi na kranki imewekwa ndogo mno, na oili ya 60 haipiti kwa wingi kwenye nafasi ndogo, hasa asubuhi. Hao wanafunga beringi zenye nafasi kubwa zaidi na kubaki na 10W-60, au wanabaki na nafasi ileile na kushuka mpaka 5W-40 au 0W-40. Kundi jingine linasema tatizo ni wenyewe, wanapandisha mshale injini ikiwa baridi. Kundi la tatu linalaumu beringi zenyewe, maana mwanzo zilikuwa za risasi na shaba, baadaye zikaja ngumu zaidi zisizo na risasi. Nimesoma miaka mingi na hakuna aliyemnyamazisha mwenziwe.

Na bi Jang'ombe, nakusahihisha kwa heshima. Joto la nje linahusika. M3 ina geji ya joto la oili, na Agosti hapa ikifika nyuzi 45 mshale wake unakaa juu kuliko Januari, njia ileile na mwendo uleule. Maji yana thamostati na rejeta yake, oili ya kwenye sampu, lile beseni la chini ya injini, inapozwa na huo upepo.

#12 BintiJangombe

Nakubali kaka, kwa gari ambayo joto la oili halishikiliwi na maji linahusika. Lakini kati ya Muscat ya Agosti na ya Januari pana nyuzi ishirini. Kwetu kati ya Julai na Februari tofauti haifiki hapo.

Nataka kuongeza kwenye la asubuhi, maana watu wengi hapa wanaangalia geji ya presha na kufurahi. Pampu ya oili kila mzunguko inasukuma kiasi kilekile, iwe nzito au nyepesi. Ikiwa nzito na baridi presha inapanda haraka, vali ya usalama inafunguka, na sehemu ya oili inarudi kwenye sampu bila kufika kwenye beringi. Geji imesimama juu, beringi zimepata kidogo. Beringi haibebwi na presha ya pampu. Pampu kazi yake ni kuileta oili tu, kisha kranki inavyozunguka inajivutia utando wake yenyewe na kuelea juu yake. Utando huo mwembamba mno, mzigo ukizidi unashuka mpaka chini ya mikroni moja. Ukipungua kuliko hapo chuma kinagusa chuma.

Kwa hiyo Boxa, nzito ikiwa na moto inakupa utando mnene, na hapo una haki. Nzito ikiwa baridi inachelewa. Ndiyo maana 5W-40 au 10W-50 napendelea kuliko 20W-50.

#13 Kiembesamaki7

Kwani hapa asubuhi kuna baridi gani? Saa kumi na mbili nyuzi 25.

#14 BintiJangombe

Nyuzi 25 kwa oili ni baridi. Kazi yake iko 100.

#15 MtotoWaWete

Mimi naona mnazunguka mbali. Jirani yangu Chake alikuwa na Legacy B4, beringi zikafa na oili alikuwa anatia ghali kuliko sisi sote. Tulipotoa kijiti cha kupimia oili kilikuwa kikavu. Hizi za turbo zinakunywa oili na mwenyewe hajui, taa ya dashibodi haiwaki mpaka presha imekwisha kabisa. Sampu ikiwa pungufu, ukikata kona ya kasi oili inakimbilia upande, bomba la kunyonyea linavuta hewa. Sekunde moja ya hewa kwenye mshale wa 6,000 inatosha kuchoma ngozi yote ya beringi.

Boxa, wewe ulipima kijiti lini kabla haijaanza kugonga?

#16 BoxaWaFuoni

Napima kila nikitia petroli, gari ikiwa mahali sawa. Ilikuwa juu ya alama ya chini, katikati.

#17 Fundi_wa_Mlandege

Haya nimemaliza.

Silinda iliyolika upande wa rodi peke yake, mimi nashuku petroli. WRX ya Japani imetengenezwa kwa petroli yao ya juu, ya okteni 100. Hapa hiyo hatuna. Ukiikanyaga busti imejaa, moto unalipuka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko unapiga beringi kama nyundo. Kompyuta inarudisha taimingi nyuma lakini ina mwisho wake, na ikiwa mtu ameongeza busti kabla yako ndiyo basi.

Silinda ya pili yenye mistari, kuna kitu kimepita kwenye oili. Angalia turbo: shika shafti yake itikise, tazama vipanga vyote. Turbo ikianza kufa inamwaga chuma kwenye oili, kinarudi kwenye sampu, na kisichonaswa na filta kinafika kwenye kranki. Baadhi ya EJ zina kichujio kidogo cha waya ndani ya boliti ya bomba la oili la turbo, kinaziba, turbo inakosa oili. Na toa bomba la kunyonyea la kwenye sampu ulitazame penye welodi. Zile za kiwandani zinajulikana kupasuka ufa mwembamba, linavuta hewa hata kama kijiti kimejaa. Ukiona ufa, hoja ya MtotoWaWete imeshinda bila kona.

Oili ya 30 inaweza kuwa imesaidia kuharibu. Lakini mimi siwezi kuihukumu peke yake kwa beringi hizi.

#18 KijanaWaTunguu

Mbona hakuna aliyesema oili feki? Kopo zuri, kifuniko kizuri, ndani oili iliyokwisha kutumika imechujwa na kutiwa rangi. Mimi nilinunua galoni ya lita nne, nikamwaga kidogo kwenye chupa ya maji iliyo wazi. Kesho yake chini kumekaa tope jeusi unene wa sarafu. Duka silitaji. Tangu hapo kopo likiisha nalitoboa, maana makopo mazima yanaokotwa yanajazwa tena.

Boxa, kopo lako hilo, ile karatasi ya fedha chini ya kifuniko ilikuwepo?

#19 BoxaWaFuoni

Siwezi kujua, nimelikuta limefunguliwa. Lakini bado lina kama nusu lita. Naitia kwenye chupa leo.

#20 MzeeWaChombo

Hapo kwenye feki naungana na mwanangu wa Tunguu, ZBS, watu wa viwango, waingie madukani.

Na jambo jingine, gari hizi za mbio mnazitumia kwa safari za kwenda kununua mkate. Fuoni mpaka Darajani injini haijapata moto vizuri mshafika mnazima. Petroli isiyowaka inateremka kwenye oili na unyevunyevu unabaki humo. Chomoa kijiti unuse. Ikinuka petroli, hata hiyo 50 yenu imeshakuwa 30. Halafu Jumapili mtu anaikamata anakwenda nayo Nungwi kwa kishindo. Peugeot ilikuwa inakwenda mbali kila siku, ndiyo maana ilidumu.

#21 Chaser100

Mzee leo umeniweza.

#22 Mmaskati_E92

Hili la mzee lina uzito mkubwa. Huku wanaopeleka oili maabara majibu yakija na petroli ndani, unene unakuwa umeshuka daraja zima. Wanaangalia pia risasi, shaba na bati, maana ndiyo madini ya beringi. Bila maabara, kata filta ya oili kwa msumeno, ukunjue karatasi yake juani. Ukiona vumbi linalong'aa, pitisha sumaku. Linalokamatwa ni chuma. Lisilokamatwa, lenye rangi ya shaba au fedha laini, hiyo ni beringi inakuaga.

#23 BoxaWaFuoni

Nawashukuru wote. Swali: kuna jamaa kaniambia nitie oili ya dizeli 15W-40 kwa sababu ina zinki nyingi na zinki inalinda beringi. Kweli?

#24 BintiJangombe

Zinki ina kazi, ila si hapo. ZDDP, ile dawa yenye zinki inayotiwa kwenye oili, inalinda pale chuma kinaposuguana na chuma, kama kemu na tapeti. Beringi nzima haigusi kranki kabisa, inaelea, haina cha kulindwa na zinki isipokuwa sekunde ile ya kuwasha. Kilichopunguzwa ni fosforasi: tangu API SM ya 2004, oili za petroli za 30 na chini yake zisizidi asilimia 0.08, ili katalisti ya kusafisha moshi kwenye ekzosi isiharibike. Kwa 40 na kuendelea kizuizi hicho hakipo, nyingi zina zaidi. Kwa hiyo ukitia 5W-40 nzuri na zinki umeipata humohumo. 15W-40 ya dizeli haitaiua gari, lakini usiinunue kwa sababu ya beringi.

#25 Fundi_wa_Mlandege

Mimi nimeweka 15W-40 ya dizeli kwenye EJ nyingi na zinakwenda. Dada hesabu zake sawa, ila sijaona gari iliyorudi kwa sababu hiyo.

#26 BintiJangombe

Na mimi sikusema itarudi fundi wangu 🙂

#27 MtotoWaWete

Ulize basi la maana. Kranki unachonga wapi? Na nafasi utaacha kiasi gani? Maana oili unachagua kwa nafasi utakayoiacha. Usichague oili kwanza.

#28 Fundi_wa_Mlandege

Hilo ndilo swali. Kanuni ya mafundi, kila inchi ya kipenyo cha kranki iachiwe elfu moja ya inchi. Kranki ya EJ penye konrodi ni milimita 52, kwa hiyo kama milimita 0.05. Ukiacha karibu na 0.03, 5W-30 nzuri au 5W-40 inatosha. Ukiacha 0.06 kwa sababu unataka kuikimbiza, nenda 50. Usikubali kuambiwa "imekaa vizuri". Pima kwa ule uzi wa plastiki: unaulaza kavu juu ya kranki, unafunga kifuniko kwa tokwa kamili, yaani nguvu ya kukaza iliyopangwa, bila kuzungusha kranki, unafungua, unasoma ulivyobapika kwa karatasi yake.

Kuchonga kuna hatari. Kranki yenye ugumu wa naitraidi, ugumu uko juu juu tu. Ukiondoa milimita 0.25 unaweza kuwa umeuchonga wote na ikabidi irudishwe kutiwa ugumu tena, na hapa sijui nani anafanya. Subaru wanatoa beringi nene kidogo, za kranki iliyopunguzwa 0.03 na 0.05 pia. Kama kusugua kidogo kunatosha, usikubali 0.25.

Na EJ huwezi kutoa sampu ukabadilisha beringi kwa chini kama Altezza. Bloku inagawanyika katikati. Ndiyo maana nasema fanya mara moja, sawasawa. Pampu mpya, bomba la kunyonyea jipya, kipoza oili usikisafishe, badilisha, chuma kinajificha humo.

#29 BoxaWaFuoni

Majibu. Bomba nimelitoa, penye welodi kuna mstari mwembamba, fundi wangu anasema ni ufa, mimi naona kama mkwaruzo. Tutalitia petroli tuone kama linavuja. Turbo shafti ina mtikisiko mdogo wa pembeni, kwenda mbele na nyuma hakuna. Chupa ya oili imekaa tangu jana, rangi moja juu mpaka chini, hakuna tope. Filta ndiyo imeshatupwa na gereji.

Bado nasema 30 haikuwa oili yake. Nimetoka 20W-50 nimekuja 10W-50, hapo bi Jang'ombe amenivuta. Lakini 30 hairudi.

#30 KijanaWaTunguu

Kukosa tope si cheti. Feki nyingine ni oili mpya kabisa ya bei ndogo ndani ya kopo la bei kubwa. Hiyo chupa haitakuonesha.

#31 Kiembesamaki7

Ikiwa ufa ni ufa, mjadala huu ulikuwa wa nini?

#32 MtotoWaWete

Ufa hauelezi silinda ile iliyolika upande wa rodi tu. Fundi keshasema ni magonjwa mawili.

#33 Chaser100

Au tanki moja la petroli na mguu mmoja. ZURA wakitangaza bei mpya ya petroli utapunguza kukanyaga mwenyewe.

#34 Mmaskati_E92

Boxa, kuna ndugu yangu anapanda ndege wiki ijayo kuja Unguja. Beringi za 0.03 na uzi wa kupimia vinapatikana huku, ni vyepesi, vinaingia kwenye mkoba. Nipe namba zilizopigwa kwenye kranki na kwenye bloku, nikupe bei kesho. Kipoza oili kizito, hicho siahidi.

#35 BoxaWaFuoni

Allah akujaalie ndugu yangu. Nakuandikia ndani sasa hivi. Fundi wa Mlandege, lile bomba nikuletee ulitazame kesho baada ya alasiri?

#36 Fundi_wa_Mlandege

Lete. Na zile beringi, zilizopangwa kwa silinda.